Umeshiba Lakini Bado Unaitisha Smokie? Cheki Breki Iko Kwa Ubongo Wako

Saa moja usiku umedishi. Ugali ya maana, sukuma, kipande cha nyama. Umeshiba hadi umelegeza mshipi. Saa tatu unatoka kununua maziwa ya chai ya asubuhi, na hapo steji ya Free Area unakutana na ule msee wa smokie na kigari chake. Dakika tano baadaye umemaliza mbili, kachumbari iko kwa shati, na unamwambia aongeze ya tatu na yai boilo.

Sasa hiyo smokie ya tatu ilikuwa ya njaa gani?

Mtaani jibu liko tayari: tamaa. Ama huna nidhamu. Na kila ploti iko na mtu ameshabandikwa jina juu ya hiyo mambo. Kwetu Kaptembwo tulikuwa na boy tulimwita Gunia. Alikuwa anamaliza sahani yake, anamaliza ya dadake, halafu anabisha kwa jirani kuuliza kama kuna chapo ilibaki. Mathe wake alifunga kabati na kufuli. Alichapwa juu ya chakula kuliko vile sisi wengine tulichapwa juu ya kitu ingine yoyote, na sisi tulikuwa tunacheka tu.

Siwezi kuambia Gunia alikuwa na shida gani. Lakini kuna watoto wamepimwa na madaktari wakapatikana na upungufu wa protini moja kwa ubongo, ambayo moja ya kazi zake ni kusaidia mwili kujua chakula kimetosha. Hao hata ufunge kabati na kufuli kumi, njaa haiendi popote. Hiyo protini inaitwa BDNF, na stori yake ndio nataka tupige leo.

Njaa inapangwa wapi

Tumbo hutuma ripoti tu. Mwenye kuamua ni kipande kidogo cha ubongo kinaitwa haipothalamasi, saizi ya korosho moja hivi, kimejificha chini ya ubongo, nyuma ya macho. Hapo ndipo joto la mwili, kiu, usingizi na njaa vinasimamiwa.

Ripoti zinakuja kwa njia ya homoni. Mafuta ya mwili hutoa leptini, ambayo inaambia ubongo stoo iko sawa, usihangaike. Iligunduliwa 1994 na kikosi cha Jeffrey Friedman pale Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York. Tumbo likiwa tupu linatoa ghrelini, ndio ile inakusumbua saa sita ukiwa klasi. Hiyo ilipatikana Japani 1999.

Leptini ilipotoka, watu walidhani dawa ya kukonda imepatikana, mchezo umeisha. Wapi! Watu wengi wenye uzito mkubwa wako na leptini mob kwa damu. Ripoti inafika ofisini, lakini huko ndani haifanyiwi kazi vile inafaa. Kwa hivyo swali likahama. Huko ndani ya haipothalamasi, nani anachukua hiyo ripoti na kukanyaga breki?

Mbolea ya neva

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo, juu jibu lilitoka mahali hakuna mtu alikuwa anafikiria chakula.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kulikuwa na daktari Mwitaliano, Myahudi, anaitwa Rita Levi-Montalcini. Serikali ya Mussolini ilikuwa imetunga sheria za kufungia Wayahudi nje ya kazi za chuo. Badala ya kulala, huyu mama akatengeneza maabara kwa chumba chake cha kulala. Alikuwa anatumia mayai ya kuku, anachunguza vile neva za kifaranga zinakua ndani ya yai. Baada ya vita alihamia Marekani, na huko miaka ya 1950 yeye na Stanley Cohen wakapata protini inayofanya neva ziishi na kumea matawi. Hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza ya familia ya vichocheo vya ukuaji vya neva. Mwaka wa 1986 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel.

Ya pili kwa hiyo familia ndio yetu. Mwaka wa 1982, Yves-Alain Barde na Hans Thoenen, wakiwa Ujerumani, waliitoa kwa ubongo wa nguruwe. Na iko kidogo, maze! Kilo moja na nusu ya ubongo ilitoa kama mikrogramu moja tu. Chembe moja ya sukari unayoweka kwa strungi ni nzito kuliko hiyo mara mia kadhaa. Wakaiita BDNF, na jina linasema tu kwamba ni kitu kinatoka kwa ubongo na kinalisha neva.

Ukitoka upande wa Molo ama Njoro utaielewa haraka, juu umeona waru zikilimwa. Kuna mbolea ya kupandia, halafu mmea ukishatoka unarudi na CAN. BDNF inafanya zote mbili. Mtoto akiwa anakua inasaidia neva kuishi na kuungana. Ukiwa mtu mzima bado iko, inapita kwa viungo kati ya neva moja na nyingine, ikitia nguvu zile zinazotumika. Ndiyo maana kwa miaka mingi waliokuwa wanaisoma walikuwa watu wa kumbukumbu na masomo. Mambo ya njaa ilikuja kama ajali.

Panya wenye nusu dozi

Kila mnyama ana nakala mbili za jeni ya BDNF, moja ya mama na moja ya baba. Watafiti waliwahi kutengeneza panya wa maabara wasio na nakala hata moja. Wengi walikufa wiki chache baada ya kuzaliwa. Kwa hivyo wakabaki na wale wenye nakala moja, nusu dozi, wakitaka kujua ubongo wao uko aje.

Mwaka wa 1999 kikundi kimoja Marekani kiliripoti vitu viwili kuhusu hao panya wa nusu dozi. Walikuwa wakali, wanapigana ovyo. Na walikuwa wanakula kupita kiasi hadi wakanona. Mwaka uliofuata wengine wakafanya kinyume: wakachukua panya wa aina hiyo hiyo na kuwawekea BDNF moja kwa moja ndani ya ubongo. Kula kukapungua. Dozi ilipoisha, tabia ikarudi.

Unaweza kusema labda hao panya walizaliwa na ubongo umejengwa vibaya, basi. Lakini 2007 jeni hiyo ilizimwa kwa panya wakubwa, waliokuwa wamekua kawaida kabisa, na ilizimwa kwa kona ndogo tu ya haipothalamasi. Nao wakaanza kula kupita kiasi na kunona. Maanake hii protini haijengi breki utotoni halafu iende zake. Iko kazini kila siku, kila mlo.

Na kuna kitu kingine kilitoka 2003 ambacho kwangu ndio noma zaidi. Panya akinyimwa chakula, BDNF inashuka kwenye hiyo kona ya haipothalamasi. Yaani ubongo wenyewe unalegeza breki mwili ukiwa na uhaba. Kwa mnyama wa porini hiyo ni akili sana: umekosa chakula, ukikipata kula hadi ujaze stoo, juu hujui kesho. Sasa fikiria wewe umetoka kejani na chai peke yake, lunch umeruka juu doo ni ya fare, na saa mbili usiku unafika kwa kibanda cha chipo. Wewe si panya wa maabara, na hakuna mtu amefungua kichwa chako akapima. Lakini ukijiuliza mbona mtu aliyeshinda njaa hawezi kula "kidogo tu" jioni, tayari unajua mahali pa kuangalia.

Watoto watatu ambao sio watatu

Panya ni panya. Kwa binadamu ushahidi ulianza na watoto wachache sana.

Wa kwanza alikuwa boy wa miaka minane huko Uingereza. Kikosi cha Cambridge, cha kina Giles Yeo, Sadaf Farooqi na Stephen O'Rahilly, kiliripoti 2004 kwamba ana uzito mkubwa ajabu, anachelewa kukua kiakili na kumbukumbu yake ni ngumu. BDNF alikuwa nayo. Shida ilikuwa kwa mlango unaoipokea kwenye seli za neva, mlango unaoitwa TrkB. Umetobolewa na kosa moja la herufi kwenye jeni. Mbolea iko, mizizi haiwezi kuinyonya.

Miaka miwili baadaye kikosi hicho hicho kikaripoti msichana, pia wa miaka minane. Kwake kipande cha kromosomu namba 11 kilikuwa kimegeuka juu chini, na nakala yake moja ya BDNF ikawa haifanyi kazi. Nusu dozi, kama wale panya. Alikuwa na njaa isiyoisha, uzito mkubwa, na hakuwa anatulia.

Mtu mmoja mmoja anaweza kuwa bahati mbaya tu. Kitu kilichofunga mjadala kilikuja 2008 kutoka Marekani. Kuna hali adimu ambapo mtoto huzaliwa akiwa amepoteza kipande cha hiyo kromosomu 11. Wengi huwa hawana ile sehemu yenye rangi ya jicho, na wako kwa hatari ya saratani ya figo. BDNF inakaa jirani na hicho kipande. Kwa wengine kipande kilichopotea kimeibeba, kwa wengine kimeiacha. Ni kama mtu amepanga jaribio, lakini hakuna aliyepanga.

Daktari Joan Han na wenzake wakapima wagonjwa 33. Wale waliopoteza BDNF, wakifika miaka kumi, asilimia 100 walikuwa na unene wa kupindukia. Wale ambao BDNF yao ilibaki salama, asilimia 20. Ugonjwa ni ule ule. Tofauti ni kama jeni moja imeenda ama imebaki.

Soma hiyo tena ukikumbuka yule mtoto wa ploti yenu.

Breki inafika hadi kwa taya

Sasa, breki inakanyagaje? Kwa muda mrefu watu walidhani njia ni ndefu na ya mzunguko: homoni, hisia, uamuzi, halafu mdomo. Oktoba 2024 Friedman yule yule wa leptini, na mwenzake Christin Kosse, wakatoa kitu kilichonifanya niweke simu chini.

Waliangalia seli za neva zenye BDNF kwa hiyo kona ya haipothalamasi ya panya. Wakaziwasha kwa taa, na panya wakapoteza hamu ya chakula. Hata wenye njaa. Hata wakiwekewa chakula kitamu, ile kitu panya anakula kwa raha tu, mambo ya smokie ya tatu.

Wakazizima. Hapo panya wakaanza kutafuna. Walitafuna chakula, na chakula kikikosekana walitafuna chupa ya maji, na waya za mashine zilizokuwa zinawapima. Chakula kikiwepo walikula zaidi ya mara kumi ya kawaida kwa muda huo. Kufuata hizo seli zinaenda wapi, wakapata zinaongea na neva za kusukuma taya. Yaani kati ya ripoti ya mafuta na kutafuna kuna vituo vitatu tu. Kutafuna kuko tayari muda wote, ni kama gari imewashwa, na BDNF ndiyo inashikilia breki.

(Wasee wa veve na muguka, najua mnafikiria nini. Hapana. Kutafuna kwenu ni stori nyingine, na vile njaa inapotea ni juu ya kemikali ya hayo majani, inafanya kazi kama binamu wa amfetamini. Msijitetee na Friedman.)

Mteremko

Kama umewahi kupanda mat ya Eldoret unajua ile barabara ya Salgaa kwenda Sachangwan. Malori yanashuka pale, na tumezika watu wengi juu ya breki na madereva wa kushuka na gia ya fri. Lakini lori hilo hilo lenye breki mbovu lingekuwa kwa tambarare ya Gilgil, pengine lingefika Naivasha na hakuna mtu angejua.

Nataka uichukue hiyo ukitafakari mambo ya uzito hapa kwetu. Wale watoto wa kromosomu 11 breki zao zimekatwa nusu, hata kwa tambarare hawasimami. Hao ni wachache sana duniani. Wengi wetu tuko na nakala zetu mbili na breki zinashika. Kilichobadilika ni mteremko.

Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2014 ulipata kwamba asilimia 33 ya wanawake Wakenya wa miaka 15 hadi 49 wana uzito kupita kiasi. Na kuna utafiti mkubwa wa Afrika unaitwa AWI-Gen, ulipima watu kama 12,000 wa umri wa kati kwa nchi nne. Kwetu ulifanyika Nairobi, Korogocho na Viwandani, mitaa ambayo hakuna mtu anaweza kuita ya mabwenyenye. Wanawake wa hapo walikuwa na unene mwingi kuliko wale wa vijiji vya Ghana na Burkina Faso, mbali sana. Jeni za watu hazibadiliki kwa kizazi kimoja. Chipo za soo zinazoiva kila kona, soda ya bei ndogo kuliko maziwa na kazi ya kukaa kwa kiti ndizo zimekuja.

Lakini breki zenyewe pia hazifanani. Hapa sayansi inatuhusu sisi weusi moja kwa moja. Kuna herufi moja ya jeni ya BDNF imeandikwa sana kwa makala za majuu. Wazungu wengi wako nayo na Waasia zaidi. Kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara ni nadra sana. Kwa hivyo ukisoma makala inasema "jeni hii inakufanya hivi na vile", mara nyingi haikuhusu.

Inayotuhusu ilitoka 2015. Watafiti wa taasisi ya kitaifa ya afya ya Marekani, tena Joan Han akiwemo, walichunguza sehemu za haipothalamasi za watu waliokufa. Wenye herufi fulani kwenye nakala zote mbili za jeni walikuwa na BDNF kidogo kwa ile kona ya shibe. Wakaangalia kwa maelfu ya Wamarekani weusi: wenye hiyo herufi mara mbili, uzito ulikuwa juu kidogo. Na hiyo herufi inapatikana zaidi kwa Wamarekani weusi na Walatino kuliko kwa wazungu. Usiisome kama hukumu. Ni tofauti ndogo, ya breki inayoshika kwa kuchelewa. Kwa tambarare hutaiona. Ukiwa Sachangwan ndio utajua.

Mbona hakuna tembe

Najua swali lako. Kama ni protini, si wauze?

BDNF ukiimeza, tumbo linaisaga kama nyama. Ukidungwa kwa mkono, inapata shida kuvuka ukuta unaolinda ubongo. Ndiyo maana wale panya waliwekewa ndani ya kichwa. Kwa hivyo yule msee wa Facebook anauza vidonge vya "kuongeza BDNF ukonde kwa siku saba", anakuuzia hewa. Ama mbaya zaidi, anakuuzia kitu hakijaandikwa kwa karatasi.

Kuna kichocheo kingine cha familia jirani kilijaribiwa, kinaitwa CNTF. Miaka ya 1990 madaktari walikuwa wanakidunga wagonjwa wa ule ugonjwa unaoua neva za misuli, wakitarajia kuwapa nguvu. Nguvu haikuja. Hamu ya kula ikaisha, na wagonjwa wakakonda. Kampuni ya Regeneron ikaona biashara, ikatengeneza toleo lake, Axokine, ya kupunguza uzito. Kufika 2003 majibu ya jaribio kubwa yakatoka: kwa watu wengi mwili ulikuwa umetengeneza kinga dhidi ya hiyo dawa, na haikufanya kazi tena. Mradi ukazikwa. Hizi sindano mnasikia siku hizi za kina Ozempic zinatumia njia nyingine kabisa, zinaiga homoni ya utumbo, na ni za daktari, sio za DM.

Kukimbia je? Mwaka wa 1995 ilionekana panya waliokimbia kwa gurudumu waliongeza BDNF, hasa kwa sehemu ya ubongo ya kumbukumbu. Kwa hivyo ukipanda Menengai Jumamosi kichwa kitakushukuru. Lakini sehemu ya kumbukumbu sio kona ya shibe. Usipande Menengai ukidhani ukishuka hutaona smokie.

Na kuna ya wajawazito

Nisingeandika hii bila kutaja nyingine, juu inaumiza watu na tunaichekelea. Inaitwa GDF15, nayo pia iko kwa familia kubwa ya vichocheo vya ukuaji, lakini inagonga nyuma ya ubongo, mahali kichefuchefu na kutapika vinaanzia. Mlango wake kwa ubongo ulijulikana 2017. Ikiwa nyingi, hamu ya chakula inakatika.

Mama akiwa mjamzito, mtoto na kondo lake humwaga GDF15 kwa damu yake. Desemba 2023 utafiti ulionyesha kwamba wanawake ambao mwili wao haukuwa umezoea, waliokuwa na kiwango cha chini kabla ya mimba, ndio hugongwa vibaya zaidi. Mmoja wa walioongoza kazi hiyo ni Marlena Fejzo. Yeye mwenyewe 1999 alitapika hadi akapoteza mimba, na daktari wake alimwambia anatafuta tu kuhurumiwa.

Kwa hivyo dem wako ama dadako akiwa mjamzito na hata maji hayakai tumboni, usimwambie anajidekeza. Akikosa kukojoa, akizimia akisimama, ni hospitali siku hiyo.

Turudi kwa watoto

Kama uko na mtoto ama mdogo wako mwenye njaa ya ajabu tangu akiwa mchanga, anaiba chakula, anakula hata vitu vimetupwa, na uzito umeruka kabla hajafika miaka mitano, chukua kile kitabu chake cha kliniki chenye grafu ya uzito. Angalia mstari umepanda aje. Enda nacho kwa daktari wa watoto, na mwambie mambo ya njaa, sio ya uzito peke yake. Kama pia amechelewa kuongea ama kutembea, sema. Madaktari wa homoni duniani wanashauri mtoto wa aina hiyo achunguzwe jeni. Kuna wachache ambao kasoro yao iko juu kidogo ya BDNF kwa mnyororo huo huo, na wao tayari wana dawa, setmelanotide, iliyoidhinishwa Marekani 2020. Bei yake sitaki kukuharibia siku. Lakini hata bila dawa, mtoto akijulikana ana nini, nyumba nzima inapanga chakula tofauti, na fimbo inarudi mahali ilitoka.

Gunia nilikutana naye mwaka jana Top Market, anauza viatu vya mitumba. Bado ni mkubwa. Nikamnunulia chai na mandazi, na hapo nikamwambia hii stori yote, panya, taya, kromosomu. Alisikiza kimya hadi mwisho. Halafu akauliza kama hiyo kipimo mtu wa thelathini anaweza fanyiwa, nikamwambia aanze na daktari, aeleze tangu utotoni. Akasema atamuuliza mathe wake, yeye ndiye anakumbuka vizuri. Kufuli ya kabati bado anayo, akasema. Siku hizi anafungia nayo choo ya nje.